Mayai ya sultani na pilipili iliyochelewa kufika

Nimepotea kidogo, si mnajua tena wiki za majaribio: ukitoka lekcha unakimbilia maktaba, ukitoka maktaba unasaka desa, ukilipata desa usiku umeshaingia. Leo nimepata upenyo. Nawaletea jambo la historia ambalo limenikaa kichwani tangu tuanze somo la vyanzo muhula huu. Jambo lenyewe ni mayai. Msicheke kwanza.

Waturuki wana chakula kinaitwa çılbır. Wewe tamka tu "chilbir", Mturuki atakuelewa. Yai linapasuliwa na kupikwa ndani ya maji bila ganda lake, linalazwa juu ya mtindi mzito uliotiwa kitunguu saumu na chumvi, kisha inamiminwa siagi ya moto iliyotiwa pilipili nyekundu. Unakula kwa mkate. Ukipasua kiini, njano inateremka kwenye weupe wa mtindi na wekundu wa siagi, na hapo hata waliokuwa wanabishana mpira wananyamaza kidogo.

Sasa, soma habari za chakula hiki popote, kwenye kitabu cha mapishi au kwenye menyu ya hoteli, utakutana na sentensi ileile: hiki ni chakula cha masultani wa Milki ya Osmani, kimeliwa tangu karne ya 15. Sentensi nzuri sana, na inauza. Lakini mtu aliyekaa darasa la historia hata wiki mbili inabidi aisome tena polepole. Sahani hiyo ina kitu chekundu juu yake. Na kitu hicho chekundu, kwa karibu karne yote ya 15, kilikuwa kinaota ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, mahali ambapo hakuna sultani wala mpishi wake aliyejua kama pako.

Basi tufanye kama tunavyofundishwa kufanya na waraka wowote wa zamani. Tusiiulize sahani nzima una umri gani. Tumwite kila shahidi peke yake, atoe maelezo yake, halafu tuone kama wanakubaliana.

Shahidi wa kwanza ni yai. Kuku hakutoka Uturuki, wala hakutoka kwetu. Babu yake ni kuku wa porini wa Asia ya kusini mashariki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mifupa ya zamani zaidi ambayo ina uhakika kuwa ni ya kuku wa kufugwa imetoka Ban Non Wat, Thailand, na umri wake ni kati ya mwaka 1650 na 1250 K.K. Inaonekana mpunga na uwele uliolimwa na watu ndio uliomvuta yule ndege karibu na nyumba za watu, akala punje zilizomwagika, akazoea, akakaa. Kutoka hapo alisafiri na wafanyabiashara kwenda magharibi. Kwa hiyo kwenye karne ya 15 yai lilikuwa limeshazoeleka Istanbul kitambo. Shahidi huyu hana tatizo.

Shahidi wa pili ni mtindi, na huyu ni Mturuki kweli, angalau kwa jina. Katika miaka ya 1070 mtaalamu mmoja wa lugha, Mahmud al-Kashgari, aliandika mjini Baghdad kamusi ya lugha za Kituruki kwa ajili ya wasomaji wa Kiarabu. Humo ndani neno la mtindi limo. Mzizi wake unahusiana na kugandisha na kukanda, na ndilo neno ambalo dunia nzima leo inaliandika kwenye vikopo vya dukani. Waturuki wa wakati huo wengi walikuwa wafugaji wa kuhamahama, na mfugaji asiye na friji ana njia chache tu za kuyaweka maziwa: ayagandishe, ayafanye siagi, au ayakaushe.

Ila angalieni hapa. Jina kuwa la Kituruki hakumaanishi kwamba Waturuki pekee ndio waligundua kugandisha maziwa. Wamasai wana kibuyu chao. Wakalenjin wana mursik yao yenye majivu ya mkaa wa mti. Hawa hawakungoja kamusi ya mtu yeyote. Na mwaka 1905 Mbulgaria aliyeitwa Stamen Grigorov, akiwa Geneva, ndiye aliyemtambua kwa darubini yule bakteria anayegandisha mtindi wa kwao, na mpaka leo bakteria huyo anabeba jina la Bulgaria. Kwa hiyo neno ni la Kituruki, kijidudu kina jina la Kibulgaria, na ufundi wenyewe ni wa kila mtu aliyewahi kuwa na ng'ombe, mbuzi au kondoo. Likumbukeni jina la Bulgaria, tutalirudia.

Shahidi wa tatu ni siagi. Istanbul lilikuwa jiji kubwa lenye midomo mingi, na siagi yake nyingine ilikuja kwa meli kupitia Bahari Nyeusi. Siagi ya Kefe, bandari ya rasi ya Krimea ambayo Waosmani waliiteka mwaka 1475, ilikuwa na sifa jijini. Siagi ya safari ndefu mara nyingi inachemshwa kwanza ili maji na povu vitoke, ibaki mafuta safi yasiyochacha haraka. Sisi tunaiita samli, neno tulilolipata kwa Waarabu. Kwa hiyo mpishi wa Istanbul na bibi wa Zanzibar wote walijua dawa moja ya joto na umbali. Shahidi wa tatu naye yuko sawa.

Sasa aingie shahidi wa nne. Pilipili.

Pilipili nyekundu, na ukoo wake wote, asili yake ni Amerika. Watu wa Meksiko walianza kuilima maelfu ya miaka kabla ya Wazungu kufika. Columbus alivuka bahari mwaka 1492 akitafuta njia ya kwenda kwenye viungo vya India, hasa pilipili manga iliyokuwa na bei mbaya. Akakuta visiwani watu wanakula kitu kingine kabisa, kinachowasha zaidi, akarudi na habari zake Hispania mwaka 1493. Sasa pigeni hesabu. Sultan Mehmed II, yule aliyeiteka Konstantinopoli mwaka 1453 na kuanza kujenga kasri la Topkapı mwaka 1459, alifariki mwaka 1481. Hiyo ni miaka 11 kabla Columbus hajang'oa nanga. Mehmed alikuwa na jeshi, mizinga, bandari na wapishi wa kutosha, lakini pilipili nyekundu hakuwahi kuionja hata siku moja. Wewe unayekula chipsi na pilipili pale kibandani umemzidi sultani kwa hilo.

Mtaniuliza, sasa kwa nini watu hawalioni hili? Kwa sababu maneno yanatudanganya, na hapa Kiswahili chetu kina ushahidi mtamu kuliko vitabu vingi.

Sikilizeni. Neno "pilipili" ni la zamani kuliko kitu tunachokiita pilipili. Limetoka India, kwenye neno la Kisanskriti pippali, ambalo lilikuwa jina la kiungo kirefu cheusi cha jamii ya pilipili manga. Likapita kwa Waajemi na Waarabu, likafika pwani yetu. Wakati huo lilimaanisha kile kiungo cha India. Halafu Vasco da Gama akapita Mombasa na Malindi mwaka 1498, Wareno wakaizoea njia, na katika karne ya 16 meli zao zikawa zinasambaza mimea ya Amerika kwenye pwani za Afrika na India. Ikaja ile nyekundu. Inawasha kama pilipili, basi nayo ikaitwa pilipili. Ikaota kirahisi kila uwanja, ikawa nyingi, ikawa rahisi kwa bei, mpaka ikalinyang'anya jina lile la zamani. Yule mwenye jina la kwanza ikabidi aongezewe jina la ukoo ili asichanganywe: pilipili manga, yaani pilipili ya Manga, ya Arabuni. Mwenye nyumba amegeuka mpangaji!

Waturuki wamefanya vilevile. Wao wanasema biber. Neno hilo walilipata kwa Wagiriki, na Wagiriki walilipata kutoka kwenye mzizi uleule wa India, kwa hiyo pilipili na biber ni binamu ambao hawajaonana siku nyingi. Leo Mturuki akisema biber anamaanisha ya Amerika, na ile ya zamani anaiita karabiber, biber nyeusi. Kule nako mgeni kachukua jina na mwenyeji kapewa kivumishi.

Mimi hili ndilo lililonifungua macho. Ukiona kitu kina kivumishi cha kukitofautisha, uliza ni nani aliyekuja baadaye na kuchukua jina tupu. Ni chanzo cha historia ambacho hakihitaji kibali cha kuingia kwenye nyaraka za taifa. Kiko mdomoni kwako.

Wazungu nao walichanganyikiwa hivyohivyo. Mwaka 1542 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Leonhart Fuchs, alichapisha picha za pilipili hiyo akiipa jina la Calicut, kana kwamba ilitoka India. Wahungaria, ambao mji wao wa Buda ulikuwa chini ya Waosmani kutoka 1541 hadi 1686, waliiita pilipili ya Kituruki. Majina yote mawili yanakosea asili ya mmea, lakini yanasema kweli kuhusu njia: kila mtu aliupa jina la yule aliyemletea. Na jina la Wahungaria linatuambia kitu kingine muhimu, kwamba kufikia hapo Waosmani walikuwa wameshaizoea pilipili kiasi cha jirani zao kudhani ni mali yao.

Sasa turudi kwenye sentensi yetu ya masultani. Je, ni uongo? Nisingesema hivyo. Mayai, mtindi na siagi vyote vilikuwepo karne ya 15, na hakuna cha kumzuia mtu wa wakati huo kuvikutanisha. Viungo vingine walikuwa navyo pia: pilipili manga, mdalasini, zafarani. Ninachosema ni kwamba sahani tunayoiona leo, yenye ule wekundu unaopigwa picha, haiwezi kuwa ya karne ya 15. Jina limekaa, kitu kimebadilika chini yake. Anayekuambia "kimeliwa hivi hivi kwa miaka zaidi ya 500" anakosea pale pale kwenye kitu anachojivunia zaidi.

Kuna swali lingine kwenye sentensi ile, nalo ni kubwa kuliko pilipili. Kwa nini "cha masultani"? Fikirini. Ni chakula cha mayai mawili na mtindi. Mchungaji wa kule Anatolia mwenye kuku watatu na mbuzi angeweza kukipika kabla sultani hajaamka. Mbona hatuambiwi "chakula cha wachungaji tangu karne ya 15"?

Jibu ni karani. Sultani alikuwa na karani, mchungaji hakuwa naye. Jiko la kasri la Topkapı lilikuwa idara nzima ya serikali, lina wakuu wake, mafundi wake na madaftari yake. Liliungua mwaka 1574, likajengwa upya na Mimar Sinan, yule msanifu mkubwa wa misikiti, na mabomba yake ya moshi unayaona hadi leo ukiwa baharini. Jiko la namna hiyo linanunua, na kila kinachonunuliwa kinaandikwa. Mwanahistoria Ömer Lütfi Barkan alitumia miaka mingi kwenye madaftari ya hesabu kama hayo na kuyachapisha. Lakini daftari la manunuzi linakwambia kimenunuliwa nini na kwa pesa ngapi. Halikwambii kilipikwaje, wala nani alikila akafurahi.

Vitabu vya mapishi ni vichache zaidi. Karne ya 15 tabibu mmoja wa kasri, Muhammed bin Mahmud Şirvani, alitafsiri kwa Kituruki kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226, akaongeza na mapishi yake. Cha kuchapwa kwa mashine tulikuja kukipata mwaka 1844 tu, kazi ya Mehmed Kâmil, mwalimu wa shule ya udaktari Istanbul, ambaye kitabu chake jina lake ni kama kusema Kimbilio la Wapishi. Mmoja tabibu, mwingine mwalimu wa udaktari. Mama aliyepika kila siku kijijini hayumo. Halafu mwaka 1928 Uturuki ikabadili maandishi yake kutoka herufi za Kiarabu kwenda za Kilatini, kwa hiyo Mturuki wa kawaida leo hawezi kusoma daftari la jiko la babu zake bila kusomea. Sisi wa pwani tunalielewa hilo vizuri, maana barua na tenzi za wazee wetu nazo zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu na vijana wengi wanazitazama kama michoro.

Kwa hiyo "chakula cha masultani" tafsiri yake ya kihistoria ni "chakula ambacho kama kilipita kwenye jumba lenye makarani, tunaweza kusikia harufu yake". Wasioandikwa walikula pia, jamani. Walikula zaidi, maana walikuwa wengi.

Sasa lile jina la Bulgaria. Kule kuna mji unaitwa Panagyurishte, na kuna chakula kinaitwa mayai ya Panagyurishte. Shikeni viti: ni mayai yaliyopikwa majini bila ganda, juu ya mtindi wenye kitunguu saumu, na siagi ya moto yenye pilipili nyekundu. Wao wanaongeza jibini nyeupe. Basi, tofauti imeishia hapo.

Mji huo si wa kawaida. Mwaka 1876 Wabulgaria waliinuka kudai uhuru wao kutoka kwa Waosmani waliokuwa wamewatawala karibu miaka 500, na Panagyurishte ndio uliokuwa moyo wa mapambano hayo yanayojulikana kama Mapinduzi ya Aprili. Uasi ulizimwa kwa ukatili, mji ukachomwa, watu wengi wakauawa, habari zikafika Ulaya zikazua kelele, na mwaka 1877 Urusi ikaingia vitani na Waosmani. Mwaka 1878 Bulgaria ikapata utawala wake wa ndani. Kwa hiyo mji uliochomwa na jeshi la sultani unakula sahani ileile inayoitwa ya sultani, kila upande unasema ni ya kwetu, na kila upande una sababu. Mtu anayetaka kuamua kesi hii kwa sentensi moja ajaribu kwenda kuisema Panagyurishte, halafu aje atupe ripoti.

Na msidhani haya ni ya karne ya 19 tu. Bulgaria ilibaki na raia wengi wa asili ya Kituruki. Majira ya baridi ya 1984 na 1985, serikali ya kikomunisti ya Todor Zhivkov iliwalazimisha kubadili majina yao na kuchukua ya Kibulgaria. Kijiji kinazingirwa, watu wanapewa karatasi, jana ulikuwa Mehmet leo wewe ni Mihail. Kuzungumza Kituruki hadharani kukapigwa marufuku. Mwaka 1989, ndani ya miezi michache ya kiangazi, zaidi ya watu 300,000 walivuka mpaka kwenda Uturuki na mizigo waliyoweza kubeba, mpaka Agosti Uturuki ikaufunga mpaka. Desemba mwaka huohuo, Zhivkov akiwa ameshaondolewa, uongozi mpya ukatangaza kuwarudishia watu majina yao.

Ndiyo maana nasema maswali ya "hiki ni cha nani" yana uzito. Anayesema chakula hiki ni chetu tangu zamani, nyie mmeiba, anaweza kuanza na sahani akamalizia na majina ya watu. Na pilipili ya Meksiko imekaa katikati ya sahani zote mbili ikiwasikiliza.

Safari haikuishia hapo. Mwaka 1999 ulifunguliwa mgahawa Istanbul ulioitwa Changa. Mswahili akilisoma jina hilo lazima atabasamu, maana kwetu kuchanga ni kila mtu kuleta chake, na kuchanganya ndiyo hiyo mnayoijua. Mpishi kutoka New Zealand, Peter Gordon, alikuwa mshauri wao. Kule akakutana na çılbır, akaipeleka kwenye mgahawa wake wa London, The Providores, uliofunguliwa mwaka 2001 na kufungwa mwaka 2019. Ikawa mashuhuri kwa wanywa chai wa asubuhi, na mwaka 2017 Nigella Lawson akaiweka kwenye kitabu chake cha mapishi. Huko ndiko ilikopata jina la "mayai ya Kituruki". Nyumbani hakuna anayeihitaji sifa hiyo. Kitu kinapewa uraia kikishatoka nje.

Haya, najua kuna wadau wameshaanza kulalamika: historia tumesikia, inapikwaje? Tulipika wikendi getoni kwa jamaa yangu, kwenye jiko dogo la gesi, sufuria moja na kikaango kimoja. Vitu vyote vinapatikana sokoni, na bumu likiwa bado lina uhai haitakushinda. Kwa mtu mmoja:

Kwanza mtindi. Mtindi wetu wa dukani mwingi ni mwepesi wa kunywa, kwa hiyo mimina vikombe viwili kwenye kitambaa safi, uning'inize juu ya bakuli saa tatu au nne maji yachuruzike. Utabaki na mtindi mzito. Usiwe wa sukari, tafadhali. Twanga punje moja ya kitunguu saumu na chumvi kidogo, changanya, tandaza kwenye sahani. Usiuache kwenye friji mpaka dakika ya mwisho, maana ukiwa baridi sana utaua joto la yai.

Pili yai. Chukua mayai mawili mapya, na upya hapa ni sayansi. Yai linavyokaa, ute wake mzito unageuka mwepesi, na ute mwepesi ndio unaotawanyika majini kama nyuzi. Chemsha maji, tia kijiko kikubwa cha siki. Asidi ya siki inausaidia ute kuganda haraka kabla haujatawanyika. Punguza moto mpaka maji yatulie, yawe na vipovu vidogo tu. Pasua yai kwenye kikombe kwanza, kisha litelezeshe taratibu, kikombe kikiwa karibu na maji. Dakika tatu zinatosha: ute umeshika, kiini bado laini. Litoe kwa kijiko chenye matundu, liweke kwenye kitambaa likauke, usije ukaumwagia mtindi wako maji ya siki.

Tatu siagi. Vijiko viwili vya siagi halisi kwenye kikaango, moto wa wastani. Itatoa povu, povu litapungua, utaanza kusikia harufu kama ya karanga. Hapo hapo toa kikaango motoni, ndipo utie pilipili. Ukiitia kikaango kikiwa bado kwenye moto itaungua na kuwa chungu. Rangi nyekundu ya pilipili inayeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji, ndiyo maana ukiitia kwenye siagi inachanua ghafla sahani nzima ikapendeza. Waturuki wanatumia pul biber, pilipili iliyokaushwa na kusagwa chenga chenga, ya maeneo kama Maraş na Antep, na haiwashi sana. Kwetu tumia kijiko kimoja cha chai cha paprika na pilipili ya unga kidogo sana. Msiniletee pilipili kichaa humu, hicho kitakuwa chakula kingine kabisa.

Mayai juu ya mtindi, siagi juu ya mayai, mkate pembeni. Kula mara moja.

Jamaa yangu, ambaye anasoma uhandisi na haamini kwamba historia ni kazi, alikula akafuta sahani kwa mkate, kisha akauliza: sasa mwisho wa yote, ni cha nani? Nilimjibu kwa swali. Nikamuuliza ugali ni wa nani.

Mahindi nayo yametoka Amerika, yaliletwa kwa njia zilezile za meli za Wareno. Kabla yake watu wa huku walisonga ugali wa mtama, wa ulezi, na sehemu nyingine bado wanausonga. Mahindi yakaja, yakaingia kwenye sufuria, yakachukua jina tupu. Leo ukisema ugali bila kuongeza neno, watu wanaelewa sembe au dona, na ule wa zamani ndio unaobeba maelezo: ugali wa mtama, ugali wa ulezi. Ni hadithi ileile ya pilipili na pilipili manga. Je, ugali si wetu? Ni wetu kabisa, tumeupigania kwa mikono yetu, na jembe ni shahidi. Lakini ni wetu kwa namna ambayo Waturuki wana çılbır na Wabulgaria wana mayai ya Panagyurishte: kwa kuupika kila siku kwa vizazi, sio kwa kuwa wa kwanza duniani.

Jamaa akanyamaza kidogo, akasema basi kesho tupike tena, siagi ibaki ya kutosha. Hiyo nayo ni hoja.

Haya wadau, nakimbilia maktaba, kuna jaribio Jumatano na swali la vyanzo lazima litoke. Mkikutana na sentensi ya "tangu enzi na enzi" kwenye desa lolote, muichane vipande vipande kwanza kabla hamjaikariri. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.